Msumari Mgongoni, Si Bondeni



Wengi wetu hapa Pwani tuna watoto na ndugu waliokwenda Nairobi kutafuta riziki, nao wamepanga vyumba vya mabati Kibera au Kawangware. Masika yanapoanza mwezi wa Machi, simu zao huwa za namna moja: paa linavuja, godoro limelowa, watoto wamekesha wameketi. Lawama hutupiwa bati. Lakini mara nyingi kosa si la bati, ni la msumari.

Sisi tuliolelewa chini ya makuti tumezoea paa linalofungwa kwa kamba. Paa la bati hutobolewa, na kila msumari unaolishika ni tundu linaloweza kupitisha maji. Ndiyo maana mahali pa kupigilia pana elimu yake.

Bati la mawimbi lina migongo na mabonde, na maji ya mvua hushuka kwa mabonde. Basi msumari hupigwa juu ya mgongo. Fundi mwenye haraka hupenda bonde, kwa kuwa hapo bati limelalia mbao na nyundo haiyumbi. Ila tundu hilo litapitisha maji kila mvua inyeshapo.

Msumari wenyewe uwe wa mabati, wenye kofia pana na kipande cha mpira chini yake. Wasiomudu huweka vizibo vya soda vilivyopondwa au vipande vya ndara kuukuu. Kizibo huzuia kichwa kisipenye, lakini mpira ndio uzibao tundu. Pigo nalo liwe la kiasi. Likipungua, mpira haukai. Likizidi, bati hubonyea, maji yakatuama na kutu ikaanza.

Upepo nao una njama zake. Hauliangushi paa, hulinyanyua, na huanzia ukingoni. Kwa hiyo misumari iongezwe kwenye kingo na kileleni: kila mgongo wa pili, hata ikiwa katikati imeachana zaidi. Msumari wenye mwili uliosokotwa huuma mbao kuliko ulio laini. Mawe na magurudumu makuukuu tunayoyaona juu ya mapaa ni dalili kwamba misumari haikutosha. Nayo mawe hayo huweza kumwangukia mtoto.

Akina mama, ukaguzi huu hauhitaji ngazi. Mchana, fungeni mlango na dirisha, kisha tazameni juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu lililo wazi. Ncha ya msumari inayoning'inia kando ya mbao ni msumari uliokosa, usioshika chochote. Tazameni pia mabati yanapokutana: kwa ubavu yapandane mawimbi mawili, na la juu lililalie la chini kwa sentimita 15 au zaidi. Mabati yaliyokwisha kutumika huja na matundu ya zamani. Yazibwe kwa lami kabla ya kupandishwa.

Tunasema haya kwa sababu anayejenga silo anayelala humo. Mwenye nyumba akipunguza misumari, akiba yake ni shilingi chache. Mpangaji hulipa kwa godoro, kwa daftari za shule na kwa kifua cha mtoto. Kodi inayopokelewa kwa chumba ni malipo ya sitara, na sitara hiyo ni amana. Fundi naye hulipwa kwa kazi itakayofunikwa na urefu wa paa, mahali ambapo jicho la mwajiri halifiki. Hapo ndipo uaminifu wake hupimwa.

Mpangaji akilazimika kutengeneza paa kwa fedha zake, wapatane kwanza na mwenye nyumba mbele ya mashahidi, gharama ikatwe katika kodi, na iandikwe. Na kazi hiyo ifanywe kabla ya Machi, paa likiwa kavu.