Kidonge cha Jirani Si Chako

Kuazimana vidonge vya presha kumezoeleka katika familia zetu. Mama akisikia kizunguzungu, jirani humletea viwili kutoka kwenye kopo lake: "Meza hivi, mimi vimenisaidia." Huruma hiyo ni njema, lakini tunaonelea kwamba desturi yenyewe haifai, na utafiti unatupa sababu moja zaidi ya kuiacha.

Huko Marekani, mfamasia Julie Johnson alifanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Florida akitafuta jibu la swali linalowasumbua madaktari wengi: kwa nini dawa ileile ishushe presha ya huyu na ya yule isishuke? Alichunguza jeni, yaani chembe za urithi tunazopokea kwa baba na mama. Mfano ni dawa ya metoprololi. Hiyo huziba vipokezi vya moyo ili adrenalini isiuendeshe mbio. Umbo la vipokezi hivyo hutokana na jeni, na watu hatufanani. Mwaka 2003 Johnson na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 40: waliorithi aina fulani ya kipokezi kwa wazazi wote wawili walishuka presha zaidi kuliko wengine. Baadaye ukafuata utafiti mkubwa zaidi, PEAR, wa watu 768, wakiwamo Wamarekani weusi, uliotumia atenololi na dawa ya kutoa maji mwilini.

Wengine watauliza: yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Uchunguzi mwingi wa jeni umefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali jeni za Waafrika ndizo zinazotofautiana zaidi duniani. Kwa hiyo rangi ya ngozi ni kipimo cha juujuu tu. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa CREOLE, uliofanyika katika nchi 6 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, kwa wagonjwa 728. Huo haukuhusu jeni, bali ulilinganisha dawa zinazotolewa mbilimbili. Ilionekana kwamba amlodipini ikichanganywa na perindoprili au na dawa ya kutoa maji hushusha presha zaidi kuliko hizo mbili bila amlodipini. Basi Waafrika wakihesabiwa katika utafiti, hupatikana majibu yanayowafaa. Twaziomba serikali na vyuo vikuu vyetu viendeleze kazi hii, na ya jeni pia, humu humu kwetu.

Kwa sasa mgonjwa wa presha hapimwi jeni kwa kawaida. Daktari huanza na dawa moja au mbili, hupima, kisha huongeza au hubadilisha. Kwa hiyo dawa ya kwanza isipokufaa, usikate tamaa wala usiiache kimyakimya. Rudi ukaseme. Presha mara nyingi haiumi, nayo huharibu moyo, figo na ubongo polepole.

Na kidonge cha kuazima kinaweza kudhuru. Atenololi inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Perindoprili na jamii yake humdhuru mtoto aliye tumboni. Jirani mwema hajui hayo yote. Akitaka kusaidia kweli, amshike mwenzake mkono wampeleke zahanati, akapimwe na kuandikiwa dawa yake mwenyewe.