Foto za wachezaji zirudi kwa wenyewe

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye matanga ya mzee mmoja hapa Kasongo, mpiga ngoma wa kundi la mchezo ambalo kila kiangazi hupita kijiji kwa kijiji hadi Kabambare. Watoto wake walitafuta foto ya kuweka juu ya meza. Hawakupata. Wakachukua ile ya kadi ya mpigakura, ndogo kama kidole gumba, uso umefifia.

Na mzee huyo alipigwa foto mara nyingi! Nimeona kwa macho yangu wageni wakimzunguka na vyombo vyao vikubwa. Kila mara walisema, "Tutatuma." Tunangoja hadi leo.

Mimi sikatazi foto. Ninachodai ni zaidi ya ile saa moja ya mchezo, vumbi na miguu hewani. Nani amepiga njia yenyewe? Ngoma imefungwa juu ya baiskeli, vijana wanasukuma kwenye matope, usiku wanalala katika darasa la masomo, mama mmoja anashona nguo za mchezo kwa mwanga wa simu, na asubuhi kuna ubishi mkali juu ya pesa kidogo iliyopatikana. Kazi ya kundi iko hapo. Mchezo ni matunda tu.

Desturi hii ya kuchukua sura na kuacha mtu ni ya zamani. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefika Léopoldville mwaka 1924, alizunguka Kongo na kuuza kadi za posta alizoziita "Afrika inayopotea". Ni foto nzuri, sikatai. Lakini chini yake mara nyingi utasoma kabila, si jina la mtu.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1986 mwanaantropolojia Johannes Fabian alifuatana na kundi la Mufwankolo kule Lubumbashi tangu walipoanza kubishana juu ya maana ya methali moja, kupitia mazoezi, hadi mchezo wenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1990 kimeweka maneno ya waigizaji katika Kiswahili kilekile walichosema. Leo mtu anaweza kujua nani alisema nini. (Kwamba kitabu chenyewe ni cha Kiingereza na ni vigumu kukipata huku kwetu, hilo ni neno lingine.)

Vijana wetu wenye simu nao wasijione wasafi. Wanapiga, wanarusha WhatsApp, simu inaanguka mtoni, basi imekwisha. Foto moja iliyochapwa na kuandikwa majina nyuma inashinda mia za namna hiyo.

Kundi litaondoka tena mvua zikikatika. Mwenye kupiga foto aombe ruhusa kwa wazee wa kundi, aanze nalo asubuhi ya kufunga mizigo, na arudi na karatasi mkononi. Familia ya mzee bado inauliza kama yule mgeni wa kofia nyeupe aliacha namba kwa mtu yeyote.