Moshi wa jikoni: kifaa kinasema nini, na hakisemi nini

Mama anayepikia kuni Kilosa au Mikumi hahitaji kifaa cha kumwambia kuwa moshi unachoma macho. Lakini chembe zinazomdhuru zaidi mtoto hazionekani moja moja. Upana wake hauzidi maikromita 2.5, na hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Chembe hizi hupimwaje?
Umewahi kuona mwale wa jua ukipenya kwenye tundu la bati jikoni? Unauona kwa sababu chembe za moshi zinautawanya mwanga. Kifaa kidogo cha kupimia hufanya vivyo hivyo: huvuta hewa, huimulika kwa leza, kisha hupima mwanga uliotawanyika. Mwanga huo ukizidi, chembe zimezidi.

Namba isikudanganye
Masizi ni meusi, hivyo hunyonya sehemu kubwa ya mwanga. Kifaa kinaweza kuonyesha kidogo kuliko hali halisi. Ukungu wa asubuhi nao unaweza kupandisha namba. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha vipimo hivyo na kichujio kinachopimwa uzito kwa mizani.

Tena kifaa hiki hakioni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mkaa uliokolea hautoi moshi mwingi kama kuni, lakini gesi yake inaua. Usiingize jiko la mkaa chumbani mnamolala.

Kwa nini tunaongea haya sasa?
Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kilosa huzalisha mkaa, na kwa familia nyingi mkaa ndio ada ya shule. Mtungi wa gesi unaweza kutolewa bure. Kuujaza tena ni mzigo wa mama. Ukiisha, kuni zinarudi. Kwa hiyo kuhesabu mitungi hakutoshi. Hewa ya jikoni ipimwe kabla na baada.

Ufanye nini leo?
• Pikia nje au penye hewa ya kutosha, kwa kuni kavu.
• Usimbebe mtoto mgongoni unapokoka moto.
• Akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani au akishindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja.