Deni letu linafunga kibanda cha mama

Wiki iliyopita, kwenye avenyu moja ya Ndosho, kibanda kimoja hakikufunguliwa. Siku ya kwanza tulisema labda mama anagonjwa. Siku ya pili tulisema labda ameenda kwa matanga. Siku ya tatu tukaenda kumuuliza nyumbani. Alitoa kaye yake ya madeni, akaiweka juu ya meza, hakusema mengi: "Batoto bangu, someni."

Tukasoma. Sukari nusu kilo. Unga kopo mbili. Sabuni. Mafuta. Initi za simu. Na mbele ya kila bei kuna jina. Yalikuwa majina yetu. Si ya wanajeshi, si ya watoza kodi. Yetu sisi, vijana wenye diplomu na tisheti ya vuguvugu, sisi tunaosema kila siku kwamba tuko upande wa raia.

Tuseme ukweli: kaye ile ilitufunga kinywa. Ndiyo maana tunaandika leo. Hatutaki kulia tu juu ya hali ya uchumi. Tunataka kuonyesha namna mtaji wa mama muuzaji unavyokwisha, ni nani anaukula, na ni nini tunaweza kufanya tangu wiki hii.

Tuanze na hali yenyewe, ambayo kila mtu wa Goma anaijua. Tangu M23 ilipochukua muji mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwezi uliofuata, Bukavu nayo ikachukuliwa. Mwenye pesa benki hakuweza kuigusa. Mwenye mshahara kutoka Kinshasa alianza kuupata kwa simu, na kwa kuutoa anakatwa. Noti za faranga zinazunguka mkono kwa mkono mpaka zinapasuka, na hakuna anayeleta mpya. Ndugu walioajiriwa na mashirika wamepoteza kazi wengi. Yule aliyekuwa ananunua kilo tatu za mchele leo ananunua kopo.

Katika hali hiyo, ni nani aliyebaki wazi? Mama wa kibanda. Mama wa makala. Mama wa sambaza na lenga-lenga. Kijana wa initi chini ya parasoli. Fundi wa viatu. Wakati milango mikubwa ilifungwa, hawa ndio walilisha muji. Lakini wanafanya kazi na mtaji mdogo sana, na mtaji mdogo hauibiwi siku moja. Unamegwa kidogo kidogo.

Tuhesabu pamoja, kwa mfano tu. Mama iko na mtaji wa dola 60. Anaenda soko la Virunga mara moja kwa wiki, ananunua unga, sukari, mafuta ya ngazi na sabuni. Akiuzisha vyote, anapata dola 72. Faida ni 12. Sasa tuondoe. Wateja wamemlipa dola 40 kwa simu. Akienda kuzitoa, tuseme wakala anakata 5 kwa kila 100, basi dola 2 zimeenda. Noti zilizochakaa alizozikubali kwa huruma, kule depo wanazikataa, na kambisti anazichukua kwa bei ya chini: dola 1 nyingine. Tiketi ya soko na pesa ya moto: dola 3. Zinabaki 6. Hizo 6 ndizo chakula cha watoto. Anahangaika, lakini kibanda kinasimama.

Halafu sisi tunafika. "Mama, niandikie, nitakuletea siku ya posho." Mmoja anachukua vitu vya dola 2, mwingine vya 3. Mwisho wa wiki kaye inasema dola 15. Basi wiki ya pili mama haendi Virunga na 60, anaenda na 45. Na watoto wanakula vilevile, wakala anakata vilevile, na sisi tunarudi vilevile. Wiki ya tatu hazifiki 30. Hakuna mwizi aliyevunja kibanda usiku. Tulikibomoa mchana, tukisema "asante mama".

Mtaji ukifika hapo, mlango unaobaki ni Banque Lambert. Wote tunaujua: unakopa 100, mwezi ukiisha unarudisha 130, mara nyingine 150. Hakuna biashara ya unga inayozaa hivyo. Mama anayeingia pale anatoka bila friji, bila simu, mara nyingine bila amani na mume wake.

Kuna neno tunalolisikia sana kutoka kwa wageni na hata kwa viongozi wetu: kwamba watu wa Goma ni wagumu, wamezoea. Ndiyo, mwezi wa kwanza 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji, watu wakajenga juu ya jiwe. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ikalipuka tena, watu wakakimbia kuelekea Sake na Gisenyi, wakarudi, wakafungua maduka. Lakini kusimama tena kunahitaji kitu mkononi. Wamama wa 2002 hawakusimama kwa sababu ya ugumu wa roho tu. Walisimama kwa sababu mtu aliwakopesha gunia, mtu aliwapa bidhaa alipwe baadaye, na wateja walilipa. Ukimsifu mtu kwamba ni mgumu huku unakula mtaji wake, unamdanganya.

Sasa, hatusemi kwamba kosa lote ni letu. Kuna wakubwa wanaopaswa kusikia.

Kwa wanaoshika muji: Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi inayowekwa isipokuwa kwa sheria. Kifungu cha 35 kinasema Serikali inatia moyo biashara ndogo ya Wakongomani. Mama anayelipa asubuhi kwenye mlango wa soko, akalipa tena saa sita kwa mtu mwingine mwenye kaye nyingine, hajui analipa nini wala analipa nani. Tunaomba mambo mawili yasiyo na siasa: bei ya tiketi iandikwe ukutani mwa kila soko, na hakuna pesa inayochukuliwa bila risiti.

Kwa Kinshasa na Benki Kuu: raia wa Goma na Bukavu hawakuchagua vita. Kufunga benki hakujamnyima usingizi mwenye bunduki kama kulivyomnyima mama mwenye akiba ya dola 200 ya kulipia masomo ya mtoto. Tafuteni njia, kwa mazungumzo ao kwa watu wa kati wanaokubalika, ili raia wapate akiba yao na noti nzima.

Kwa makampuni ya pesa ya simu: andikeni bei halali ya kutoa pesa kwenye kibanda cha kila wakala, kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili. Na muwasaidie mawakala wapate pesa taslimu. Wakala naye ni muuzaji mdogo. Akikosa faranga, anainunua, na gharama ile anaiweka juu ya kichwa cha mama.

Lakini kama tunangoja wakubwa watatu hawa wakubaliane, vibanda vyote vitakuwa vimefungwa. Basi hapa ndipo tunarudi kwetu. Tumekubaliana mambo manne, na tunawaomba ninyi mnaotufuata muyafanye kwenye avenyu zenu.

La kwanza: kulipa deni. Kila mmoja wetu aende kwa mama wake, aombe kaye, asome jina lake. Kama hauna yote, lipa nusu, na useme siku ya kulipa nusu ingine. Kama hauna kitu, uza kazi: beba maji, panga mzigo, mlindie kibanda akienda Virunga. Na usikope tena mpaka umalize. Aibu ya kulipa faranga 1,000 kidogo kidogo ni ndogo kuliko aibu ya kumpita mama ukiwa umeinama.

La pili: noti. Tusimpe mama noti tunayojua hakuna atakayeipokea. Tunafanya hivyo kwa ujanja, tunakunja upande uliopasuka ndani. Kwa upande mwingine, kama noti ni mzee lakini namba zake zinasomeka, tuikubali sisi wenyewe kwa chenji. Noti inakufa siku watu wanakataa kuipokea.

La tatu: pesa ya simu ibaki kwenye simu. Mama akilipwa kwa simu, asikimbilie kuitoa ili akamlipe mwenye depo taslimu. Amuulize mwenye depo kama anakubali kulipwa kwa simu moja kwa moja. Mara nyingi ada ya kutuma ni ndogo kuliko ile ya kutoa. Wamama wengi hawafanyi hivyo kwa sababu hakuna aliyekaa nao kuwaonyesha, ao kwa sababu wanaogopa kubonyeza vibaya. Sisi tunakaa na simu saa kumi kwa siku. Dakika ishirini kwa mama, tunazo.

La nne: kaye na likelemba. Tulisoma uhasibu, sheria, uchumi, na diplomu zetu ziko ndani ya plastiki chini ya kitanda. Kila siku ya posho, wawili wetu katika kila kartiye watakaa na wamama wanaotaka, wafungue kaye mbili: moja ya mtaji, moja ya nyumba. Mama akijua ni dola ngapi za mtaji, atajua pia ni lini kusema "hapana" kwa anayeomba deni, hata kama ni sisi. Na wamama watano wakinunua gunia moja pamoja, wanapata bei ya gunia badala ya bei ya kopo. Wenye AVEC tayari wanajua kazi ile: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kila mtu anaona pesa ikihesabiwa. Shauri letu ni moja tu: siku hizi usiku si salama, basi pesa isilale kwenye sanduku. Ikusanywe na ikopeshwe siku ileile, itembee.

Hatutaleta semina ya ujasiriamali. Wamama wanajua kuuzisha kuliko sisi. Hatutawapiga picha wakipokea sukari. Tunachowadai wenye mamlaka, tutaendelea kukidai. Lakini hatuwezi kudai risiti kwa mtoza kodi huku jina letu liko kwenye kaye ya mama bila kulipwa.

Kwa ile avenyu ya Ndosho, tulichanga. Hatukufika deni lote, tumelipa kidogo kuliko nusu, na tumeandika siku ya kulipa iliyobaki. Mama alihesabu, akahesabu tena, akasema: "Hii inatosha kwa unga, sukari bado." Siku mbili baadaye kibanda kilikuwa wazi. Unga upo. Sukari bado.

Ndugu, dada: kabla ya siku ya posho, nenda kwa mama wako. Omba kaye. Tafuta jina lako.