Tumbo Likiharibika, Mwili Wote Huumia

Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa wa tumbo hukaa tumboni tu. Sivyo. Tazama ugonjwa uitwao siliaki.

Katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna kitu kiitwacho gluteni. Watu wengi hakiwadhuru. Lakini mwenye siliaki akila mkate, maandazi au makaroni, mwili wake huidhania gluteni kuwa adui, na katika kupigana nayo huharibu utumbo wake wenyewe. Vile vinyweleo vidogo sana vya utumbo, vinyonyavyo chakula, hulala kama majani yaliyokanyagwa.

Basi mtu hula, lakini mwili hubaki na njaa. Madini ya chuma yakikosekana, damu hupungua. Chokaa ikikosekana, mifupa hudhoofika. Mtoto huharisha, tumbo hujaa, wala hakui. Mwingine haharishi kamwe, bali ana vidonda kinywani, malengelenge yenye kuwasha, ganzi miguuni, au mimba zinazoharibika.

Kwa hiyo usimshitaki mama kwamba hamlishi mtoto wake, wala jirani kwamba amemloga. Ni kweli, minyoo, malaria na utapiamlo huleta nyingi za dalili hizi. Hayo yatazamwe kwanza. Dawa zikishindwa, mwulize mganga wa hospitali juu ya siliaki. Hupima damu, na mara nyingi kipande kidogo cha utumbo. Si kila hospitali ina vipimo hivyo. Usiache mkate kabla ya kupimwa, maana kipimo kinaweza kukosa kuonyesha ugonjwa.

Mwaka 1950 Daktari Willem Dicke wa Uholanzi alionyesha kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru watoto wenye ugonjwa huu. Hata leo tiba yake ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Hapa Kasenga wako wanaoona mkate wa dukani kuwa chakula cha heshima, na bukari ya muhogo au mahindi kuwa ya maskini. Hayo ni mawazo mabaya. Kwa mgonjwa huyu, bukari na samaki wa Luapula ndio dawa, mradi samaki asipakwe unga wa ngano. Nanyi wazee wa kanisa, mtengeeni mkate wa muhogo kwenye Meza ya Bwana, bila kumwaibisha. Hata kipande kidogo cha ngano chaweza kumrudishia ugonjwa.