Farasi wa Uhakika Hayupo

Kila mwezi wa Juni, kwa siku tano mfululizo, farasi wa mbio za tambarare walio bora kabisa hukutana Ascot, Uingereza. Shindano la kwanza huanza saa nane na nusu mchana kwa saa zao, yaani saa kumi na nusu kwetu. Huo ndio wakati ambapo Osiri Matanda, hapa Nyatike, wachimbaji wa dhahabu wanapanda kutoka mashimoni na simu zinaanza kutoka mifukoni. Ascot wana mashindano saba kwa siku. Asiyetosheka na hayo anao farasi wa kompyuta, wanaokimbia kwenye skrini usiku na mchana, kila baada ya dakika chache, mvua inyeshe au jua liwake. Na kando ya simu hizo kuna maneno mengi ya kumhakikishia mtu kwamba mshindi anajulikana kabla ya mbio. Nimeyasikia Osiri, nimeyasikia Migori mjini, nimeyasikia kwenye fuo za Homa Bay wavuvi wa omena wakingoja giza liingie. Nayajibu kwa sababu pesa inayokwenda nayo ni ya watu ninaowajua, na imetoka chini ya ardhi kwa jasho.

«Mwekee anayepigiwa upatu, huyo haangushi mtu.» Dai hili lina chembe ya ukweli, kwa hiyo linastahili jibu la haki. Anayepigiwa upatu hushinda mara nyingi kuliko farasi mwingine yeyote. Lakini mara nyingi ni mara ngapi? Kwa kumbukumbu za miaka na miaka za mbio za Uingereza, ni kama shindano moja katika kila matatu. Katika mawili yanayobaki anaondoka na pesa za watu. Na lile moja analoshinda linalipa kidogo, kwa kuwa kila mtu alikuwa upande wake. Mwaka 2012 Frankel, farasi aliyestaafu bila kushindwa hata mara moja katika mbio 14, alishinda Queen Anne Stakes pale Ascot akiwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 11. Aliyemwekea shilingi 1,000 kwa bei ya siku ile alipata faida ya shilingi 100. Hiyo ni siku njema.

Siku mbaya ilikuwa Julai 2025, uwanja wa Goodwood. Field Of Gold, aliyekuwa ameshinda kwa kishindo Ascot mwezi mmoja tu kabla, aliingia Sussex Stakes kwa bei ya kulipa faida ya shilingi moja kwa kila tatu unazoweka. Hata nafasi ya tatu hakuipata. Aliyeshinda ni Qirat, ambaye bei yake ilikuwa 150 kwa moja.

Kisa hicho hicho kinajibu dai la pili, ambalo ndilo linalouzwa kwa pesa nyingi zaidi: «Kuna mtu wa ndani, wenye farasi wanajua.» Qirat na Field Of Gold walikuwa wa mmiliki mmoja, kampuni ya Juddmonte. Qirat aliingizwa ili aongoze mwendo mwanzoni, mbio ziwe za kasi, mwenzake aje amalizie. Wenyewe waliomlisha, waliomlipia na kumpanga kazi, walimtuma kama msaidizi, naye akawashinda wote. Kama walio ndani ya zizi hawakujua, ni nani huyo wa kundi la Telegramu anayejua, tena anayekuuzia siri hiyo kwa shilingi 200 badala ya kuitumia mwenyewe? Miaka mitano kabla ya hapo, Juni 2020, Nando Parrado alishinda Coventry Stakes pale Ascot, naye pia kwa 150 kwa moja.

Mtu ataniambia: lakini yule jamaa alinitumia washindi watatu mfululizo, na wote wakaingia. Naamini kabisa. Hebu tuone inavyofanyika. Muuza siri ana namba za simu 216. Shindano lina farasi sita, basi anawagawa watu makundi sita ya watu 36, na kila kundi analitumia farasi wake. Farasi mmoja lazima ashinde, kwa hiyo watu 36 wamepata. Wale 180 anawaacha, labda anawaomba radhi. Wale 36 anawagawa tena kwa sita, sita wanapata. Hao sita kila mmoja anapewa farasi wake, na mmoja anapata. Mtu huyo mmoja sasa ameona kwa macho yake utabiri mara tatu bila kosa. Akiombwa elfu tatu za kundi la siri atazitoa, na akikatazwa na mkewe atagombana naye. Hawezi kuwaona wenzake 215. Muuza siri hakuhitaji kujua hata rangi ya farasi.

Sasa kuna dai la upande wa pili, ambalo husemwa na watu wema, wengi wao wa kanisani: «Yote ni bahati tu, hakuna cha kujua.» Hili nalo silikubali, kwani linamdharau mnyama na wanaomfunza. Kuna mengi ya kujua katika mbio za farasi halisi. Ascot ina mbio za mita 1,000 na ina mbio zinazozidi kilomita 4, na farasi aliyeumbwa kwa za kwanza hawezi za pili. Mvua ikinyesha usiku, udongo unakuwa mzito, na kuna farasi wanaoupenda na wasioupenda. Kwenye Royal Hunt Cup, ambapo farasi hufika hata 30 wakikimbia njia iliyonyooka ya mita 1,600 hivi, mara nyingi hugawanyika makundi mawili, kila moja likishika upande wake wa uwanja, na lango ulilopangiwa linaweza kukuweka upande mbaya kabla hujapiga hatua. Tena kuna uzito: katika mbio za aina hiyo, farasi hodari hubebeshwa zaidi na dhaifu hupunguziwa, kwa makusudi kabisa, ili wote wakaribiane mwishoni. Yupo afisa anayelipwa kuhakikisha kwamba mshindi hatabiriki, na kazi yake anaijua.

Hata hapa Kenya maarifa hayo yapo. Uwanja wa Ngong, Nairobi, umekuwa ukifanya mbio tangu 1954, chini ya Jockey Club of Kenya, kwa kawaida siku za Jumapili. Beryl Markham, ambaye wengi wanamjua kama rubani, alifunza farasi walioshinda Kenya Derby mara sita. Mara sita si bahati. Mtu akienda Ngong anaweza kusimama penye uzio wanapozungushwa kabla ya mbio, akamtazama farasi anavyokanyaga, anavyotoka jasho, kama masikio yametulia au ana wasiwasi, kama misuli ya mapaja imejaa. Huo ni utazamaji wa kweli, na mimi nauheshimu. Shida ni kwamba anayepanga bei ameyaona hayo yote pia, na wenye pesa nyingi wameyaona, na bei imeshayameza kabla yako. Ili maarifa yakulipe, inabidi ujue jambo ambalo wao hawalijui, tena kwa kiasi kinachozidi fungu linalokatwa na kampuni ya kamari.

Kwenye skrini ya simu hakuna hata hilo la kutazama. Na hapa ndipo penye dai linaloniuma kuliko yote, kwa maana linawanasa vijana wenye bidii: «Mbio za kompyuta zina mpangilio, ukiandika utauona.»

Nimeonyeshwa daftari moja la shule, la kurasa za mraba, lililojaa namba za washindi kwa kalamu ya bluu, ukurasa baada ya ukurasa. Namba tatu ilizungushiwa duara jekundu kila ilipotokea. Pembeni mwenyewe ameandika ni mbio ngapi zilipita katikati. Kazi safi kabisa, na mwandishi wake angeweza kuwa karani mzuri wa ghala lolote. «Omera, namba tatu haijatoka tangu asubuhi, sasa imeiva.» Lakini namba tatu haiivi. Mbio zile zinaamuliwa na programu inayochagua kwa nasibu, na picha ya farasi wanaokimbia huchorwa tu ili macho yapate cha kufuata. Hakuna farasi anayechoka wala anayepumzika. Kila mbio huanza upya, bila kumbukumbu ya zilizopita. Kama nafasi ya namba tatu ni moja kwa sita, ni moja kwa sita hata baada ya kukosa mara arobaini. Ukitazama namba nyingi kwa muda mrefu utaona mpangilio, kwa sababu ndivyo akili ya mtu ilivyo. Huko nje hakuna unachokifuata.

Kilicho na mpangilio ni bei. Chukua farasi sita wenye odi hizi, yaani kinachorudi kwa kila shilingi unayoweka, nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi: 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00 na 10.00. Tuseme hutaki kukosa, unawawekea wote: 400 kwa wa kwanza, 250 kwa wa pili, 200 kwa wa tatu, 125 kwa wa nne, na 100 kwa kila mmoja wa wawili waliobaki. Jumla umetoa 1,175. Ashinde yeyote, unarudishiwa 1,000 kamili. Zile 175 zimebaki kwa kampuni, bila kujali nani alitangulia. Ndiyo maana kampuni haina haja ya kupanga mshindi. Kwa bei hizo kila shilingi 100 inarudi kama 85, kwa wastani. Ukiizungusha elfu moja mara kumi, kama watu wanavyofanya jioni moja ya kusubiri mshahara wa shimo, wastani wa kinachobaki ni shilingi 200.

Ongeza na serikali. Sheria ya Fedha ya 2025 inatoza asilimia 5 ya pesa unayoingiza kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine ya unayoitoa. Elfu moja ikiingia inakuwa 950. Ikipita mbio mara moja tu kwa bei zile, wastani ni 808. Ukiitoa, 768. Ndivyo hesabu ilivyo hata kwa aliyeacha baada ya dau moja, na watu wa aina hiyo ni wachache.

«Ukipoteza, ongeza mara mbili, lazima itarudi.» Jibu ni fupi. Anza na 50 kwa farasi mwenye nafasi moja kwa tatu. Ukikosa mara nane mfululizo umetoa 12,750, na dau la tisa ni 12,800. Kukosa mara nane hivyo hutokea kama mara moja katika kila majaribio 26. Kwenye mbio za kila dakika chache, siku hiyo haiko mbali, na ikifika ndipo watu wanapogusa Fuliza, mkopo wa kwenye simu, kisha pesa ya ada ya shule.

Limebaki dai ambalo nililisikia kwa mzee mmoja aliyechimba tangu ujana wake, na ambalo sikuweza kulipuuza: «Sisi wachimbaji tayari ni watu wa kubahatisha. Shimo ni kamari, simu ni kamari. Kuna tofauti gani?»

Tofauti ipo, na iko mikononi mwake mwenyewe. Kabla ya kuvunja mwamba, mchimbaji wa Osiri anausoma: mshipa mweupe wa jiwe unaelekea wapi, una kutu au hauna, umekonda au umenenepa kuliko jana. Anatwanga kidogo, anaosha kwenye karai, anainamisha karai juani na kutazama mkia wa njano ukingoni. Mkia ukiwa hafifu anahama. Alichojifunza leo kitamsaidia kesho, na wajukuu wa waliokuwa wakichimba karibu na mgodi wa Makalder wangali wanatumia walichoachiwa. Mwamba hauangalii ulichojua ndipo upange bei. Sisemi shimo lina haki: mwenye ardhi ana magunia yake, mwenye mashine ya kusaga ana yake, mnunuzi ndiye anayeshika mizani, na zebaki inabaki mwilini mwa anayeichoma. Hizo ni dhuluma zenye anwani, na mtu anaweza kuzidai, hasa tangu Sheria ya Madini ya 2016 ilipomtambua mchimbaji mdogo. Katika mbio za skrini hakuna wa kudai kwake, kwa kuwa kila kitu kimekwenda kama kilivyoandikwa.

Tena lile dau la tisa, shilingi 12,800, ni pesa ya kununulia magogo ya kushikilia kuta za shimo. Nyatike tumezika watu kwa kukosa magogo hayo.