Tamko la Wakazi Kuhusu Upimaji wa Viwanja vya Wazi Dar es Salaam

Sisi wakazi wa mitaa inayopakana na viwanja vya wazi vya Dar es Salaam, tukisema kupitia umoja wetu, tumeufuatilia kwa makini mjadala wa madiwani kuhusu kupima upya viwanja hivyo na kusimika mawe ya mipaka. Kwa heshima inayostahili vyombo vilivyochaguliwa na wananchi, tunatamka yafuatayo.

1. Upimaji wenyewe ni jambo jema, na umoja huu umekuwa ukiuomba. Kiwanja kisicho na mawe huliwa polepole. Leo litawekwa kontena, kesho yatazungushwa mabati, mwakani utasimama ukuta wa matofali, na nyuma ya ukuta huo zitajengwa fremu za maduka ambazo kodi yake hailipwi kwa umma. Yote hayo hutokea bila kikao hata kimoja kuamua kwamba ardhi ya wote sasa ni ya mtu mmoja.

2. Tunatofautiana na hoja iliyopo mezani katika jambo moja. Inapendekezwa wapimaji wafuate hali waliyoikuta: wapime sehemu iliyosalia tupu, waisimikie mawe, na kilichokwisha kujengwa kiachwe kilivyo. Umoja huu haulikubali pendekezo hilo. Mpaka wa kiwanja cha wazi uliwekwa siku mchoro wa mipango miji ulipoidhinishwa. Mpimaji anatumwa kuurejesha mpaka huo juu ya ardhi. Hana mamlaka ya kutunga mwingine. Akiufuata ukuta wa mvamizi, mvamizi ndiye atakuwa amepima, na kazi ya halmashauri itakuwa kumgongea muhuri.

3. Msingi wa kisheria wa msimamo huu haufichiki. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa na wananchi kwa pamoja. Kwa hiyo tunapolinda kiwanja tunatimiza wajibu, wala hatujipachiki kazi isiyotuhusu. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Kipimo hicho huanzia majini. Hakianzii kwenye ukuta wa aliyewahi kujenga, na hatuoni sababu ya kiwanja cha watoto kupimwa kwa kanuni iliyo dhaifu kuliko hiyo.

4. Jiji hili lina mfano wake lenyewe. Viwanja vya Mnazi Mmoja viliachwa wazi enzi za ukoloni ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Nia ilikuwa mbaya. Lakini ukanda ulibaki, na wananchi wakaugeuza mahali pa kukutania; leo Mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama humo. Umoja huu unaomba jambo hilo litafakariwe kwa uzito. Ardhi iliyoachwa wazi ili kuwagawa watu iliweza kuwa ya watu wote kwa kuwa haikugawiwa. Ingekatwa viwanja na kuuzwa, kizazi kilichopata Uhuru kisingekuwa na cha kugeuza.

5. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya milioni moja halikuja na viwanja vipya katika mitaa ya zamani. Kiwanja kilichopo ndicho hicho hicho cha chandimu ya jioni, cha Maulidi na mikutano ya injili, cha mikutano ya hadhara, cha turubai la msiba kwa nyumba isiyo na ua. Masika yakifika, ndicho pia ardhi inayonywa maji ambayo vinginevyo yangeingia vyumbani. Wanaoishi kandokando ya Bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa hilo.

6. Tumesikia hoja ya huruma, kwamba kufuata mchoro kutawaumiza walio ndani. Mama lishe na muuza nyanya waliojibanza pembeni mwa kiwanja hawajajenga ukuta wala hawajamzuia mtoto kupita. Wapangiwe mahali kwa staha na wasitumiwe kuwa ngao ya wengine. Aliyejenga kwa zege katika eneo analojua ni la wazi alikuwa na nafasi ya kuuliza kabla ya kumwaga msingi.

7. Kwa hayo, umoja huu umeazimia kwamba hautautambua mpaka wowote utakaosimikwa kinyume na mchoro ulioidhinishwa, na kwamba hoja ikipitishwa kama ilivyo, utaiomba mahakama itoe tamko. Kabla ya kufika huko, unaziomba halmashauri zibandike michoro ya kila kiwanja katika ofisi za serikali za mitaa, pahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuisoma, na zisitishe vibali vya ujenzi ndani ya maeneo hayo hadi upimaji ukamilike. Waheshimiwa madiwani wanaombwa wasipige kura juu ya mipaka ambayo waliowachagua hawajaiona.

8. Mwisho, wazee wa mitaa wanaokumbuka yalipokuwa mawe ya awali, na kila mwenye picha au barua ya zamani inayohusu kiwanja cha mtaani kwake, wanaombwa kufika ofisi ya serikali ya mtaa, na siku wapimaji watakapokuja, wawepo uwanjani kuwaonyesha.

Limetolewa Dar es Salaam na uongozi wa umoja kwa niaba ya wanachama wote.